Msiikate simu ya siku ya 28: barua ya wazi kwa wanaoidhinisha na kufadhili utafiti wa magonjwa ya kuambukiza

Waheshimiwa wakuu wa taasisi za utafiti, wajumbe wa kamati za maadili, wafadhili, na ninyi mlio wizarani mnaopokea matokeo na kuyageuza kuwa miongozo ya matibabu,

Mimi ni muuguzi wa utafiti. Kazi yangu huanza pale ya wengine inapoishia, yaani baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Humpigia simu siku ya 7, siku ya 28, na siku ya 90 pale itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, inapotaka. Asipopatikana, nampigia ndugu yake. Ndugu naye asipopatikana, naenda kumtafuta. Maswali yangu ni machache. Yuko hai? Amelazwa tena? Dawa alimaliza? Najaza fomu, natia sahihi, nageukia namba inayofuata.

Kwenye kila bajeti ya utafiti niliyoona ikipunguzwa, mstari wa kwanza kupigwa kalamu ulikuwa wa kazi hii. Mashine ya maabara hubaki na vitendanishi hubaki. Siku ya 90 ndiyo inayofutwa. Siku ya 28 nayo hugeuzwa kuwa "hadi mgonjwa aruhusiwe", wafuatiliaji wanne wanakuwa mmoja, na yule mmoja anaambiwa asipige simu zaidi ya mara tatu. Hoja ni ileile siku zote: swali letu ni kama kipimo kinafanya kazi, na hilo tutakuwa tumelijua siku ya kwanza.

Hoja hiyo si sahihi, na imeshagharimu maisha. Nawaombeni mnisome hadi mwisho.

Kuna simu moja ambayo hadi leo naisikia. Mtoto alikuwa amelazwa kwa nimonia kali, akaponywa, akaondoka wodini akiwa amebebwa mgongoni na mama yake. Kwenye jalada lake tuliandika "amepona". Siku ya 28 nilipopiga, alipokea baba. "Dada," akaniambia, "ulituahidi utapiga siku hii, nikaiwekea alama. Mtoto alifariki siku ya 12." Hakunilaumu. Alitaka tu niandike, ili ijulikane. Nikaandika. Ingekuwa utafiti ule unaishia pale mgonjwa anaporuhusiwa, mtoto huyo angehesabiwa milele miongoni mwa waliopona, na dawa aliyopewa ingepata sifa kwa ajili yake.

Msidhani ni tukio la nadra. Mtandao wa utafiti uitwao CHAIN uliwafuatilia watoto zaidi ya 3,000 wa umri wa miezi 2 hadi 23 waliolazwa kwa maradhi ya ghafla katika hospitali 9 za nchi 6 za Afrika na Asia, kuanzia 2016. Watoto 350 walifariki. Karibu nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa, ndani ya miezi 6. Yaani mtu angefunga daftari mlangoni pa wodi, angeiona nusu tu ya habari, na ile nusu asiyoiona ndiyo yenye mambo ambayo hospitali haiyajui: utapiamlo uliobaki pale pale, mlezi mwenyewe mgonjwa, nyumba isiyo na namna ya kumrudisha mtoto hospitali mapema.

Sasa niseme la dripu, maana kwangu mimi hakuna somo zito kuliko hilo.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye maambukizi makali, ambaye mikono na miguu imepoa na mapigo yamekuwa dhaifu, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Tuliofanya hivyo tuliona kwa macho yetu. Mapigo yalirudi. Viganja vilipata joto. Mama aliyekuwa akilia alinyamaza. Ukiona hivyo kitandani unaamini, na ningemshangaa ambaye hakuamini.

Jaribio la FEAST lilifanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, waliopewa albumini (majimaji yenye protini ya damu) kwa haraka, na ambao hawakupewa maji ya haraka kabisa. Katika saa ya kwanza, wale waliopewa maji ya haraka walionekana nafuu kweli. Dalili za mzunguko wa damu kulegea ziliondoka kwa asilimia 43 yao, wakati kwa wasiopewa ni asilimia 32. Kisha watafiti wakahesabu vifo vya saa 48. Waliopewa albumini walifariki asilimia 10.6. Waliopewa maji ya chumvi, asilimia 10.5. Ambao hawakupewa maji ya haraka, asilimia 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya idadi iliyopangwa kutimia, na wiki nne baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Watoto watatu zaidi katika kila mia, kwa tiba ambayo kila aliyeitoa aliona inasaidia.

Hebu fikirini jaribio lilelile lingeundwa na mtu mwenye haraka, au mwenye bajeti iliyokatwa, akaamua kupima matokeo baada ya saa moja. Lingechapishwa kama ushindi. Ninyi mngeandika mwongozo, sisi tungeufuata kwa moyo wote, na kila siku tungekuwa tunaona viganja vikipata joto. Kilichotenganisha ukweli na uongo pale ni mtu kuendelea kuhesabu baada ya dalili njema kuonekana.

Na si jambo la juzi. Jaribio la dawa ya streptomycin la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1948 na ambalo wengi huliita mama wa majaribio ya kisasa, lilikuwa na wagonjwa 107 wa kifua kikuu cha mapafu. Baada ya miezi 6, waliopewa dawa walikuwa wamefariki 4 kati ya 55, na waliolazwa bila dawa hiyo 14 kati ya 52. Nani asingeshangilia? Lakini wale watafiti hawakuondoka. Walipowaangalia tena baada ya miaka 5, pengo lilikuwa limefifia sana: zaidi ya nusu ya waliopewa dawa nao walikuwa wamefariki, kwa sababu vimelea vilikuwa vimezoea dawa ile moja. Usugu huo, uliojionyesha kwa sababu wagonjwa waliendelea kufuatiliwa, ndio uliowasukuma madaktari kutibu kifua kikuu kwa dawa zaidi ya moja kwa pamoja, kama tunavyofanya hadi leo.

Nageukia vipimo, kwa sababu huko ndiko ninakoona fedha nyingi zikienda na maswali machache yakiulizwa.

Maombi mengi ya utafiti wa vipimo yanayowafikia yana swali moja tu: kipimo hiki kinakamata wagonjwa wangapi kati ya mia, na kinawasingizia wazima wangapi? Ni swali la lazima. Bila hilo tungebaki na vile vipimo vya damu vya kingamwili kwa kifua kikuu vilivyouzwa kwa miaka mingi, hadi Shirika la Afya Duniani likatamka mwaka 2011 kwamba visitumike kabisa kugundua ugonjwa huo. Lakini kipimo chenyewe hakitibu mtu. Kati ya jibu la maabara na uhai wa mgonjwa kuna daktari anayelisoma, dawa iliyopo au isiyopo, na mgonjwa aliyesubiri au aliyekwisha kwenda zake. Usahihi wa kipimo haukwambii lolote kuhusu hayo.

Tazameni mifano miwili ya ugonjwa huohuo mmoja. GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2010. Inatoa jibu kwa takriban saa mbili, inakamata wagonjwa wengi ambao hadubini inawakosa, na inaonyesha kama vimelea ni sugu kwa rifampicin, dawa kuu ya kutibu ugonjwa huo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 liliipeleka mashine hiyo kwenye vituo vya afya vya kawaida vya Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Tanzania, ikaendeshwa na wauguzi, kwa wagonjwa zaidi ya 1,500. Wengi zaidi walianza dawa siku hiyohiyo. Lakini walipoangaliwa baada ya miezi 2 na miezi 6, hali yao ya ugonjwa haikutofautiana na ya waliopimwa kwa hadubini. Sababu kubwa ni kwamba madaktari walikuwa wakiwaanzishia dawa wagonjwa wengi kwa dalili na picha ya kifua, hata hadubini ilipokuwa haijaona kitu. Mashine ilileta uhakika mahali ambapo tiba tayari ilikuwa inatolewa.

Halafu kuna kipimo cha mkojo kiitwacho LAM. Ukikipima kwa usahihi peke yake ni dhaifu. Hukosa zaidi ya nusu ya wenye kifua kikuu. Mkaguzi wa maombi anayetazama asilimia tu angekitupa. Lakini kilijaribiwa kwa wagonjwa wa VVU waliolazwa katika hospitali 10 za nchi hizohizo nne, watu ambao wengi wao hawana nguvu hata ya kutoa makohozi, na hapo swali likawa: baada ya wiki 8, nani yuko hai? Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Pale kipimo kilipotumika, vifo vilikuwa asilimia 21. Pale ambapo hakikutumika, asilimia 25. Kilitoa jibu kando ya kitanda, kwa mgonjwa ambaye asingeweza kusubiri, na dawa ikaanza.

Sisemi GeneXpert haina thamani. Kwa usugu wa dawa peke yake inastahili nafasi yake. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyajua hayo kwa kusoma jedwali la usahihi. Yalijulikana kwa sababu kuna mtu aliyerudi kwa mgonjwa baada ya wiki 8, baada ya miezi 6, akauliza.

Kwenye kinga, kutofuatilia kunauma zaidi, kwa sababu chanjo anapewa mtu mwenye afya njema.

Mnakumbuka chanjo ya kwanza ya homa ya dengi kupata kibali. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 30,000 wa Asia na Amerika ya Kusini na Kati, na katika miaka ya mwanzo ilionekana kukinga zaidi ya nusu ya maambukizi yenye dalili. Mwaka wa tatu, ishara mbaya ikajitokeza: miongoni mwa watoto wadogo waliochanjwa, waliolazwa kwa dengi walikuwa wengi kuliko wasiochanjwa. Ufilipino ilianza kuchanja wanafunzi mwezi Aprili 2016, na watoto zaidi ya 800,000 walichanjwa. Mwezi Novemba 2017 ikatangazwa wazi kwamba kwa mtu ambaye hajawahi kuambukizwa dengi, chanjo hiyo inaweza kuongeza hatari ya ugonjwa mkali atakapoambukizwa baadaye. Programu ikasimamishwa, wazazi wakaingiwa na hofu, na imani kwa chanjo nyingine zote nchini humo ikaporomoka.

Kuna jambo dogo ndani ya habari hiyo ambalo mimi, kama mtu wa kushika sindano, sijalisahau. Ili kujua ni nani aliyekuwa ameambukizwa kabla, watafiti walihitaji damu iliyochukuliwa kabla ya chanjo. Damu hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa sehemu ndogo tu ya washiriki. Ikabidi watumie damu ya miezi mingi baadaye na mbinu mpya ya maabara ili kurudi nyuma na kukisia hali ya kila mtoto. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri watu wapimwe kwanza, wachanjwe wale tu waliokwisha kuambukizwa. Kumbe kinga, kipimo na utabiri wa atakayezidiwa vilikuwa jambo moja tangu mwanzo. Sisi ndio tuliovitenga katika mafungu matatu ya bajeti.

Linganisheni na chanjo ya malaria ya RTS,S. Baada ya majaribio makubwa kumalizika, Shirika la Afya Duniani halikuona hiyo inatosha. Kuanzia 2019 ikatolewa kwa awamu katika maeneo ya Ghana, Kenya na Malawi, huku wataalamu wakihesabu vifo vya watoto kwa sababu yoyote ile, si vya malaria peke yake. Vifo vilipungua kwa asilimia 13 kwa watoto wa umri wa kuchanjwa. Mzazi akiniuliza leo kama chanjo ile inafaa, nina jibu ninaloweza kulisema nikimtazama machoni, kwa sababu kuna watu waliolipwa kuhesabu hadi mwisho.

Nije kwenye utabiri, hizi alama na modeli za kompyuta zinazodai kumwambia daktari ni mgonjwa gani atazidiwa na yupi anaweza kurudi nyumbani.

UVIKO-19 ulipoingia, modeli ziliota kama uyoga baada ya mvua. Timu ya kimataifa iliyokuwa ikizikagua na kuchapisha ukaguzi wake katika jarida la BMJ ilifikia modeli 232 katika toleo moja tu, na karibu zote ikazikuta zina hatari kubwa ya kupotosha. Miongoni mwa kasoro walizozitaja mara kwa mara ni hii: watafiti waliwaondoa kwenye hesabu wagonjwa ambao utafiti ulipofungwa walikuwa bado wodini, hawajafa wala hawajaruhusiwa. Wakabaki na waliokufa haraka na waliopona haraka. Yule aliyekuwa siku ya 20 akiwa bado kwenye oksijeni, ambaye kwa ajili yake daktari anauhitaji zaidi utabiri, hakuwamo. Waswahili tulikwisha kulisema siku nyingi: asiyekuwapo na lake halipo.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Alama ya 4C ya Uingereza, ya kukadiria hatari ya kifo kwa mgonjwa wa UVIKO-19 aliyelazwa, iliyojengwa kwa wagonjwa zaidi ya 35,000 kwa mambo manane tu ambayo hospitali nyingi huyapima, iliwachukua wagonjwa waliokuwa na angalau wiki nne tangu kulazwa. Walingoja. Kisha wakaijaribu kwa wagonjwa wengine zaidi ya 22,000 ambao hawakutumika kuijenga. Wakati ule wa taharuki, wiki nne zilikuwa muda mrefu kupita kiasi, na bado walingoja.

Kwa hiyo modeli ikiletwa mezani kwenu, kabla ya kuuliza imetumia akili bandia ya aina gani, tafadhali ulizeni swali la mtu wa simu: waliokuwa hawajulikani walipo mliwaweka wapi? Kama jibu ni kwamba waliondolewa, au walihesabiwa wazima, basi modeli hiyo haimjui mgonjwa mgumu, na haifai kuamua nani apewe kitanda.

Hao wasiojulikana walipo ndio mzigo wangu wa kila siku, niwaeleze kidogo. Kwenye ripoti tunawaita "waliopotea". Neno hilo linafanya ionekane kama wametoroka. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2009 ulikusanya tafiti 17 zilizokwenda kuwatafuta wagonjwa wa VVU waliopotea baada ya kuanza dawa katika nchi za kipato cha chini, jumla watu 6,420. Miongoni mwa wale ambao hali yao ilijulikana, takriban 40 kati ya 100 walikuwa wamekwisha kufariki. Kliniki zilikuwa zikiripoti vifo vichache, zikipongezwa, kumbe vifo vilikuwa ndani ya safu ya waliopotea. Tangu nilipousoma uchambuzi huo, simu isiyopokelewa siichukulii kama simu isiyopokelewa. Inaweza kuwa ndilo jibu lenyewe.

Wengine wako hai, lakini laini ya simu imebadilika, au wamehamia kwa ndugu, au hawataki tena kusikia habari za hospitali iliyowakumbusha siku mbaya. Kuwapata kunataka mtu mwenye subira, anayejua kuongea, anayekumbuka jina la mtoto. Huwezi kumwajiri kwa mkataba wa miezi mitatu na kumpa orodha ya namba 200.

Najua mtakachojibu. Mtasema ufuatiliaji ni ghali, na magonjwa ya mlipuko hayasubiri. La pili nalikubali nusu. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilianza Machi 2020, na kufikia katikati ya Juni lilikuwa limeshaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inapunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 walio kwenye mashine za kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, na kwamba wasiohitaji oksijeni hawanufaiki nayo. Miezi mitatu tu. Na kigezo chake kilikuwa nini? Kifo ndani ya siku 28. Fomu zilikuwa fupi, na taarifa za waliofariki zilichukuliwa pia kwenye kumbukumbu za taifa ambazo tayari zipo. Haraka na ufuatiliaji vilikaa pamoja vizuri kwa sababu waliounda jaribio walijua tangu siku ya kwanza ni swali gani hawataliacha.

La gharama lina uzito zaidi pale ambapo vifo haviandikishwi. Huko kumbukumbu ya taifa ni mimi na simu yangu. Ndiyo, tunagharimu. Lakini wekeni kwenye mizani gharama ya mwongozo wa dripu ulioua kwa miaka mingi bila mtu kujua, au ya programu ya chanjo iliyovunjika katikati. Mimi si mhasibu, ila sioni mizani hiyo ikielemea upande wa kukata simu.

Ninachowaomba ni hiki, na naomba mkisikie kama ombi la mtu aliye ndani ya kazi.

Kamati za maadili, mkikuta itifaki inayoishia mgonjwa anaporuhusiwa, mtakeni mtafiti mkuu aeleze kwa maandishi kwa nini ugonjwa huo unaishia mlangoni. Kuna magonjwa ambayo kweli yanaishia hapo. Mengi hayaishii. Tumemtoboa mtu mshipa, tumechukua damu yake na ridhaa yake, tukamwambia atasaidia wengine. Tukishindwa kujua kilichompata, ahadi hiyo tumeivunja.

Wafadhili, wekeni fungu la ufuatiliaji lisiloweza kuhamishiwa kwenye matumizi mengine bila idhini yenu. Uzuieni mkono wowote unaolinyemelea, hata kama ni wa mashine nzuri. Na mtakapofadhili kipimo kipya, akiba ya kupima hali ya wagonjwa iwe ndani ya mkataba tangu mwanzo, isingoje "awamu ya pili" ambayo mara nyingi haiji.

Mlioko wizarani, msikubali kipimo au modeli kwa takwimu za mahali pengine peke yake. Alama iliyojengwa kwa wagonjwa wazee wenye kisukari inaweza kumwambia uongo daktari mwenye wodi ya vijana wenye VVU. Ijaribiwe pale itakapotumika, kwa muda wa kutosha kuona kama ilisema kweli.

Na lipo moja la mwisho, ambalo haliandikwi kwenye itifaki nyingi. Watu ninaowapigia huniuliza: "Mligundua nini?" Nimefanya kazi kwenye tafiti ambazo matokeo yake niliyasoma kwa bahati, miaka miwili baada ya kumaliza, na washiriki hawakuyasikia kamwe. Hata jaribio likionyesha dawa haisaidii, huyo ni mtu aliyetusaidia kulijua, na anastahili kuambiwa kwa lugha anayoielewa. Namba zao tunazo. Tunachokosa ni ruhusa na vocha ya kupiga simu moja zaidi.

Yule baba niliyewasimulia, nilimpigia tena mwezi uliofuata, nje ya itifaki, kwa simu yangu. Aliniuliza kama watoto wengine waliopewa dawa ileile walipona. Nilimwambia bado tunahesabu. Akasema atasubiri, nikimaliza nimwambie.

Hesabu hiyo haijakamilika, na wafuatiliaji tumebaki wawili. Mkituachia siku ya 28 na ya 90, nitampigia.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa ufuatiliaji